Kitanda cha Baba, Rangi ya Buluu

Jumamosi, 6 Septemba

Msasa umekwisha tena. Vidole vimechubuka, kushika sindano ya kushonea jioni hii ilikuwa adhabu. Lakini kichwa cha kitanda kimetakata. Chini ya kutu kuna kijani alichopaka baba kwa brashi, na matone yake yote yaliyochuruzika yakakaukia palepale. Baba hakuwa na subira na rangi. Sikutaka kuyasugua yale matone. Nimeyasugua.

Mama aliteleza kisimani mwezi wa saba, nyonga mpaka leo haijapona. Daktari kasema asilale chini. Analala chini. Kila asubuhi anatambaa hadi ukutani ndipo anyanyuke. Na kitanda cha chuma cha marehemu mumewe kiko kwenye stoo yangu hapa Matema tangu walipobomoa nyumba ya zamani kule Ipinda! Lusajo ndiye aliyekikumbuka. Mdogo wangu huyu, anayeishi na mama, kwa mara ya kwanza ametoa wazo la maana. Nilimpongeza kwenye simu.

Mama amechagua buluu.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada. Nimekiosha kwa sabuni ya unga, kimekauka juani, nimepuliza prima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Kijivu kitupu. Mama Bupe, jirani, kasimama uzioni anacheka, ati hata bibi harusi haoshwi hivyo. Acha acheke. Kitanda changu mwenyewe kimeliwa na kutu miguu yote na sijawahi kukinunulia hata kipande cha msasa. Chenyewe kitasubiri.

Jumanne, 9 Septemba

Nina hasira na mimi mwenyewe. Asubuhi niliona moshi umesimama juu ya ziwa. Siyo moshi, ni kungu, wale visubi wanaopanda kutoka majini wingu zima. Mtoto yeyote wa huku anajua. Mimi mzaliwa wa hapa nikajidanganya kwamba upepo utawapeleka upande wa Malawi. Nikatikisa kopo la buluu, nikaanza kupuliza. Rangi ilikaa vizuri ajabu, nyembamba, mkono hausimami mahali pamoja.

Wakafika rangi ikiwa mbichi. Mtaa mzima ukatoka na vikapu na masufuria kuwanasa, leo watu wanakula mikate ya kungu. Mimi nimebaki na kitanda chenye ndevu. Mama Bupe kaniletea kipande cha mkate. Nimekula kwa chuki.

Jumatano, 10 Septemba

Nimesugua, nimepuliza upya. Mara mbili nyembamba, siyo moja nzito. Kimependeza mno, naenda kukichungulia kila saa.

Ila chuma cha miguuni, upande wa ndani, nimekiacha. Msasa haufiki vizuri na mkono umechoka. Ukipitisha vidole unakuta vipele, kungu wamekaukia ndani ya rangi. Basi. Mama hatalala uvunguni.

Jumamosi, 13 Septemba

Lusajo kaja na pikapu ya rafiki yake. Nilikuwa nimeshavaa, nimekunja na shuka jipya nililoshona. Akasema gari limejaa, nisijisumbue, atamfungia mama kitanda mwenyewe. Halikuwa limejaa kiasi hicho. Lakini akanishika mabega, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, dada, umemtendea mama jambo." Nikalainika. Kwa Lusajo mimi hulainika haraka, nimembeba mgongoni huyu. Nikampa na shuka.

Jumapili, 14 Septemba

Nimempigia mama. Kalala salama! Anasema kalala kama mke wa mkuu wa wilaya. Buluu ni ileile aliyoitaka. Shuka linanukia upya. Nimeshona huku naimba.

Alhamisi, 25 Septemba

Kazi ya mapazia. Nyumba mpya ya wageni huko Kasumulu, karibu na mpaka. Kesho naenda kupima madirisha. Keshokutwa nipite Ipinda, nimwone mama juu ya kitanda chake. Nimeahirisha vya kutosha, sare za shule zilinibana.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimekiona.

Chumba cha mwisho. Buluu. Nikasema moyoni, rangi si ya mtu mmoja, madukani imejaa. Nikapima dirisha, nikaandika. Futi ikaniponyoka ikaingia uvunguni. Nikapiga magoti kuitafuta, mkono ukashika chuma cha miguuni kwa ndani. Vipele.

Nikakaa sakafuni. Mhudumu akadhani presha imepanda, akaniletea maji. Nikamuuliza kitanda kimetoka wapi. Kwa kijana mmoja wa Ipinda, Lusajo, kililetwa Jumamosi moja rangi bado inanuka. Akaongeza kwamba aliyekipaka anajua kazi.

Sikumbuki kama nilishukuru kwa maji.

Jumamosi, 27 Septemba

Ipinda. Mama yuko mkekani. Pale anapojishikia akinyanyuka, ukuta umeng'aa kwa viganja vyake. Shuka langu kalitandika juu ya mkeka. Hilo tu ndilo lililokuwa kweli.

Lusajo hakukana. Kitanda ni cha baba, na cha baba ni cha mtoto wa kiume, mimi nilikitunza tu. Pesa ya pikipiki aliyokuwa akiitaka ilibaki kidogo itimie, akakiuza. Alisema yote hayo huku anakula, ugali niliousonga mimi. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki.

Hayo ningeyameza. Lusajo ni Lusajo. Lakini mama! Nikamuuliza kwa nini alinidanganya, na hicho kitanda hajawahi hata kukitia machoni. Akawa analinyoosha shuka, analinyoosha tu. Mwisho akasema, "Gwe mwanangu, wewe una nyumba yako Matema. Huyu ndiye atakayenizika."

Niliondoka bila kuaga. Sijawahi kumfanyia mama hivyo.

Jumanne, 30 Septemba

Silali. Mke wa mkuu wa wilaya. Aliyatoa wapi maneno yale? Ina maana alikaa mkekani pale, nyonga inamuuma, akatafuta neno la kunifurahisha. Angesema tu kimefika, ingetosha. Amenisaliti kwa upendo, na sijui nimchukie vipi.

Lusajo namchukia bila shida.

Mapazia nimeyashona. Nilishatoa neno langu. La chumba cha mwisho nimelishona sawa na mengine.

Jumapili, 5 Oktoba

Mama kapiga simu. Sikupokea.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jana mama alikuwa na siku yake ya hospitali hapa Matema. Foleni ikamchelewesha, akakosa gari, akaja kulala kwangu. Nikampa kitanda changu, mimi nikatandika mkeka. Hatukuongea mengi. Samaki, chumvi, mvua zitaanza lini.

Alfajiri nikamsikia akigeuka. Akashusha miguu, akakaa kidogo, akasimama. Mwenyewe. Mimi nilijifanya nimelala. Nyonga zangu ziliuma kwa usiku mmoja tu.

Nimemchemshia maji ya kuoga. Nikamwambia abaki, hata mwezi. Akasema Lusajo akikuta nyumba imefungwa atakula wapi.

Wakati anafunga kanga akapitisha kiganja kwenye chuma cha kitanda changu, kutu ikambakia mkononi. Akauliza mbona hiki sijakipaka. Nikasema rangi ilikwisha.

Kopo la buluu liko dirishani, limebaki nusu. Akaligeukia, akalitazama.

"Ndaga fijo, mwanangu," akasema.

Nikambebea kikapu hadi kwenye gari.