Kompyuta Yako Imeletewa Mke Mwenza

Mama Zuhura,

Assalam aleikum huko uliko. Sisi uliotuacha hapa Utange tu wazima.

Naandika kwa kompyuta yako, kidole kimoja. Kidole cha mchonga mawe, chabonyeza herufi mbili kwa mpigo. Usinicheke.

Zuhura ndiye aitumiaye sasa. Kazi za chuo zimeishinda. Nzito, kama mtu aliyerudi kulala baada ya daku. Akamwita rafikiyo Saumu, fundi wa kompyuta.

Nami wajua watu wameanza kuniletea majina ya wanawake. Basi natoka machimboni Mwakirunge, vumbi mpaka kwenye kope, namsikia Saumu sebuleni: "Huyu wa zamani hatumwachi. Twamletea mke mwenza. Nyumba moja, kila mtu na chumba chake."

Nikaangusha sururu mlangoni. "Nani kawaambia nataka mke? Udongo wa mwenzangu haujakauka!"

Saumu kacheka mpaka kaketi sakafuni. "Shemeji, ni kompyuta! Ina mfumo mmoja, twatia wa pili. Wewe nani akutake? Hata huyo wa kwanza alikuonea huruma."

Zuhura naye kacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike.

Mimi nikauliza: na vya mama yake?

Kadi za harusi ulizokuwa ukiwachapia watu, na picha, Saumu alizitia kwenye flashi. Lakini ule ukurasa wa mwanzo haunakiliki, kasema. Jina lako, na wewe na leso ya manjano, na ile samawati uliyoichagua ukasema yakutuliza macho. "Tukigawa diski vyumba viwili, waweza kuharibika, shemeji. Sikufichi."

Nikasema tia. Mtoto asome.

Kikawa chatambaa kimstari kwenye kioo, polepole. Joto la alasiri, nikasinzia kitini. Nikaona nyumba yetu ina milango miwili. Nikakuita. Ukaitika "abee", lakini sauti yatoka chumba usichokuwemo. Nikawa nazunguka, miguu haigusi chini, wala sina haraka.

Nilipoamka, kioo cheusi, mistari miwili. Juu yule mpya. Chini wewe. Usipochagua, yenda yenyewe kwa mpya.

Nikabonyeza mshale wa chini. Kimya. Kisha samawati. Kisha jina lako.

Saumu kaangalia pembeni.

Zuhura alitaka ibadilishwe, ianzie kwako. Nikamwambia acha. Yeye yuna safari, iende yenyewe mbele. Mimi nitashuka kwako kwa mkono wangu.

Basi lala, mke wangu. Mola akunjulie kaburi. Huyu mtoto atamaliza chuo, wallahi, mawe nitachonga. Na upande wako haufutwi nami ni hai.

Mumeo