Kaka Mbaruk Halewi

Mchafukoge,
Dar es Salaam.

Dada yangu Saadiya,

Assalaam alaykum, na shikamoo Dada. Sisi tumeamka kwa kiasi tulichojaaliwa. Sijui huko Tanga mmeamkaje, ila naomba magoti ya Mama yawe yamepoa, na wanao wawe wanakwenda madrasa bila kusukumwa. Barua hii nimemkabidhi Abdulatif, anayesafiri kuja huko, akupe mkononi. Ningepiga simu, lakini simu yako huwa unaiweka sauti ya juu ili Mama naye asikie, na haya si ya kusikia hivyo. Keti kwanza.

Ni habari za Kaka Mbaruk.

Baada ya Idi Kubwa uso wake ulianza kuwaka. Yuko dukani anakunja khanga, ghafla anakuwa mwekundu kuanzia shingoni mpaka masikioni, halafu anakimbilia chooni. Tukasema ni joto la Kariakoo. Ikafuata ngozi: shingoni na mikononi, pale jua linapofika, ikawa nyeusi na kubanduka kama aliyeungua. Mwisho ikawa akili. Siku moja alikwenda kwenye duka la Kasmir, yule jirani yetu Mchaga anayeuza vyombo, akawa analazimisha ufunguo wetu kwenye kufuli lake, huku akimgombeza kwamba kalibadilisha. Wateja wakasimama kutazama.

Basi mtaani wakasema yule Mwarabu wa khanga siku hizi anakunywa. Uso mwekundu, maneno hayashikani, nani asingeamini? Wazee wawili wa msikitini walikuja kunisihi nimzuie. Niliwaambia Kaka hajawahi hata kuonja. Waliitikia kwa upole, ule upole wa mtu asiyekuamini. Aliyetusaidia ni Kasmir. Yeye bia yake ya jioni haikosi, na alisema pombe anaijua kwa harufu, huyu hana, huyu anaumwa. Akafunga duka mchana, akatupakia kwenye gari lake hadi hospitali.

Vipimo vilichukua muda. Daktari, mama mmoja anaitwa Candida, alinieleza taratibu, nami nakueleza nilivyoelewa. Kwenye samaki, mayai na maharage kuna kitu kinaitwa triptofani. Mwili hutumia sehemu yake kutengeneza vitamini inayolinda ngozi, tumbo na ubongo. Kidogo hutengeneza serotonini, ambayo inaendesha utumbo, na kule kwenye ubongo inasaidia mtu atulie na alale. Sasa Kaka ana uvimbe kwenye utumbo. Uvimbe huo unanyang'anya triptofani na kuigeuza serotonini nyingi kupita kiasi, inazagaa kwenye damu pamoja na kemikali nyingine, ndizo zinazomharisha na kumwasha uso. Kwenye ubongo serotonini hiyo haifiki, na vitamini nayo inakosa cha kutengenezewa. Kwa hiyo ubongo unakaa na njaa hata akila vipi. Nami Dada nilikuwa namlisha samaki changu na mayai kila siku, nikidhani namjenga.

Akaandikiwa vidonge vya vitamini hiyo. Vilifanya kazi kweli. Ngozi ilianza kupona, na asubuhi moja akaniita kwa jina langu, akauliza mbona nimeachia ndevu namna hii. Nilitoka nje hadi kwenye ngazi nikalia kwa furaha.

Sasa nikwambie lililobaki. Uvimbe umeshafika kwenye ini, na moyo nao umeanza kuharibika. Hawawezi kuukata wote. Zipo sindano za kumpunguzia kuharisha, lakini kumponya, Dada, wamesema hapana.

Alipokuwa amepotewa na akili hakujua lolote. Alikuwa akicheka, akinituma nimwambie Mama ampikie bokoboko. Akili iliporudi, yeye mwenyewe alimuuliza daktari kama atapona, na daktari akamjibu. Tangu hapo anatazama ukuta.

Juzi nilimpelekea vidonge akavishika tu mkononi. Akaniuliza, "Amjad, nikiviacha hivi, nitarudi kule nilikokuwa?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua, Dada, daktari alishaniambia kwamba akiviacha akili itapotea tena. Akasema basi, kwa kuwa mimi ndiye ninayempa, niamue mimi. Nimeshindwa. Kila nikimwekea maji mezani sijui kama namtibu au namtesa, na humu ndani tuko wawili tu, sina wa kumuuliza.

Jana alizungumza mwenyewe. Anataka kumwambia Mama kwa mdomo wake, akiwa na akili zake timamu. Vidonge atavimeza mpaka Mama afike. Kama ataendelea navyo baada ya hapo hakusema, nami sikumuuliza.

Mlete Mama. Mwambie Kaka anataka kumwona, njiani usiongeze neno. Shemeji msalimie, wanao wabusu kwa niaba yangu. Na wewe Dada, usichelewe, haya yamenizidi.

Wasalaam,
mdogo wako,
Amjad