Zamu Yako ya Kung'oa Minyaa

Bonifasi, jirani yangu mkorofi,

Habari za huko sikuulizi, utanidanganya tu. Nakuandikia mbiombio. Saa nne watu wa ardhi wanafika na kimashine chao, wanapima kijiji kizima kwa ajili ya hati za kimila. Mimi ndiye wa kuwaonyesha mpaka wetu, maana tulioupanda tulikuwa wawili, na wewe umetoroka.

Miaka yote tumeuchezea. Mvua za kwanza zikinyesha, mmoja anang'oa minyaa ya ua wa mpaka, anaisogeza hatua mbili kwa mwenzake, kisha anakaa kusubiri matusi. Mwenzake anatukana, anairudisha, jioni tunakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Na wewe na Kiingereza chako ulichookota kambini Benaco ukibeba magunia ya wakimbizi: "Mpaka, mpaka, kila kitu mpaka! Kule mtoni ni boda. Hapa ni baundari." Mimi wa darasa la nne nikauliza tofauti yake. Ukasema boda uliivuka kijana na chungu cha mama yako kichwani, na hakuna aliyekuuliza unataka ipite wapi. Baundari uliipanda kwa mkono wako, ukisaidiwa na mjinga mmoja Mhangaza, mwenyeji wa huku. Tangu siku ile nayatamka yote mawili kilabuni, watu wananiona msomi.

Sasa sikiliza, hapa sitanii. Ulipomaliza wiki ya tatu kitandani, nilisogeza minyaa. Nilitaka ukasirike. Uinuke, uje unitukane. Hukuinuka. Minyaa ikashika, na wachimba kaburi wakafuata mstari wangu wa uongo, wakakubana kati yake na migomba yako. Umelala kama mtu aliyepewa ncha ya mkeka. Nami nikanyamaza. Kila siku nasema kesho nitairudisha.

Jana mwanangu Deo kaniambia, "Mzee, kaa kimya. Imeshaota." Nikisema, nitaitwa mla mipaka mbele ya kijiji kizima, na mvi hizi. Nisiposema, wanamwaga saruji ya alama za mpaka, na mkeo Mama Yustina hapati tena kipande kile. Pikipiki zao hizo, nazisikia.

Nimerudi. Jua limeshapinda.

Mpimaji aliniuliza, "Mzee, ni hapa?" Deo akakohoa nyuma yangu. Nikasema si hapa, minyaa niliisogeza mimi, marehemu akiwa mgonjwa. Mtu wa kamati ya ardhi akasema, "Yaani unamwibia mgonjwa?" Nikachukua jembe, nikaanza kung'oa, mchana kweupe, wote wananitazama.

Mama Yustina akaja akanishika mkono. Nilijua ananizaba kofi. Akasema, "Shemeji, alikuona dirishani siku ile. Nilitaka kutoka nikufukuze, akanikataza. Alisema, 'Mwache huyo. Ni zamu yangu, nikipona namrudishia.' Alicheka mpaka akapaliwa. Basi nami nikawa nasubiri uirudishe mwenyewe."

Sha, kumbe ulijua! Mwaka mzima nakupita pale nikiinamisha kichwa, kumbe ulijua.

Nililia. Nikawaambia ni utomvu wa minyaa umeniingia machoni.

Saruji imemwagwa pale pale tulipopanda sisi. Deo hasemi nami, atasema njaa ikimuuma. Wewe jinyooshe sasa, nafasi unayo. Mchezo wetu umekwisha, hakuna atakayesogeza saruji, hata wewe na ukorofi wako. Lakini mvua za kwanza zikinyesha nitakuja upande wako na jembe, nikupalilie. Na matusi yako nitajitukana mwenyewe, kwa sauti, mkeo asikie. Nayakumbuka yote.

Lala, jirani.

Mimi,
mjinga wako Mhangaza