Ng'ombe Nyuma ya Shabaha

Elerai, Arusha
15 Juni 2024

Mpendwa kaka Yoeli,

Shikamoo. Habari za Songea? Shemeji Agnela na watoto hawajambo? Wanafunzi wako wanakusikiliza, au bado wanaigiza unavyokohoa? Sisi ni wazima, ila baridi imetukamata. Wiki nzima Mlima Meru haujaonekana kwa mawingu.

Ningekupigia simu, lakini jambo lenyewe hata mimi silielewi, na ungenicheka kabla sijafika katikati.

Kampuni yetu ya ulinzi inatafuta walinzi wa kubeba shotigani kwenye lindo la ghala moja. Nimeomba, na mke wangu Nashilu ameshawatangazia wanakwaya wote. Kwa hiyo kila Ijumaa tunapelekwa uwanja wa shabaha, nje ya mji.

Shotigani zenyewe ni zile za kukoki kwa mkono: unapiga, unavuta mbao ya chini ya mtutu, ganda linaruka, unasukuma mbele, unapiga tena. Shabaha ni vyuma vitano vyekundu, uviangushe kwa sekunde nane. Mimi nilikuwa naviangusha vyote, lakini kwa sekunde kumi na tano. Afande Solomoni, mwalimu wetu, akanifundisha nisitoe kitako begani ninapokoki, na nivute kwa nguvu hadi mwisho, maana ukivuta nusu risasi inakwama. Nikafanya mazoezi na fagio chumbani hadi Nashilu akaniomba angalau nifagie.

Bado nikawa kwenye kumi na mbili. Siku moja Afande akaacha kutazama mikono yangu, akatazama macho. Akaniuliza, "Wewe Koikai, kila ukikoki unachungulia nini huko nyuma ya chuma?" Nikamwambia ukweli, naangalia kama kuna ng'ombe. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini, kwa sababu nyuma ya vile vyuma kuna tuta la udongo tu.

Wewe hutacheka, najua. Ni wewe uliyenifundisha, ile alfajiri Baba alipompiga fisi zizini kwa shotigani, na marisawa, vile vipande vidogo vya risasi, yakakupata wewe mguuni. Ulinishika mkono pale hospitali ukasema kabla ya kumpiga fisi, nitazame kwanza nyuma ya fisi, kama kuna ng'ombe au mtu.

Afande akasema hapa hakuna ng'ombe, niache ushamba. Basi nikauacha. Wiki tatu nikajilazimisha kuona nyekundu tu. Kumi, tisa, saba. Nilijisikia mwanaume, sikufichi.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Asubuhi alituambia kutakuwa na ubao mweupe wa kuashiria mpita njia, na nyeupe haipigwi. Nikamaliza kwa sekunde sita, hakuna aliyenifikia. Nikageuka nipongezwe, watu wanautazama ubao. Ubao ulikuwa nyuma ya chuma cha nne, nami nimeutoboa matundu tisa.

"Hukuuona?"

"Afande, si ulisema nisitazame?"

"Nilisema usitazame ng'ombe."

Sasa kaka, mkosaji ni nani hapo? Niwe mwepesi au niwe mwangalifu? Wenzangu wanasema vyote viwili vinakuja kwa mazoezi. Narudia mtihani tarehe 24, nikishindwa nabaki na rungu langu getini. Rungu haliniogopeshi, ingawa Nashilu atakosa la kuwaambia wanakwaya.

Kinachoniogopesha ni hiki. Leo nimeshika fagio nikajiambia nitatazama kwanza, lakini mkono ukakoki na kidole kikavuta kabla macho hayajafika. Nimejaribu mara ishirini. Macho yamewahi mara mbili.

Wewe unayetembea na yale marisawa, niambie, niende huo mtihani au nijitoe? Ukisema nijitoe, nitajitoa, na sitakulaumu. Hili nijibu kwa simu, siku zimebaki chache.

Nisalimie Agnela, na Irine umwambie baba mdogo anamkumbuka. Hapa Nashilu anakusalimia, na Yeyo, mama yetu, pia. Yeyo nilimwambia nimepata sekunde sita, akapiga vigelegele. Ya ubao sijamwambia.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Mdogo wako akupendaye,
Koikai