Saa Kumi na Moja kwa Wote

Kithyoko, 4 Machi 2025

Dada yangu Ngina,

Habari ya Syokimau? Huku tuko wazima, ila goti la mama, mwaitu wetu, limeanza tena, na mvua bado inatuchezea.

Programu yangu ya maji imekamilika! Unajua pampu ya kikundi hufika kwetu Jumamosi pekee, na tuko wakulima kumi na wawili, kila mtu saa moja yake, na saa hizo hupangwa upya kila juma. Hapakosi kelele: huyu alisahau zamu, yule aliiba. Sasa Ijumaa jioni kompyuta itamtumia kila mtu ujumbe wa saa yake. Nimeiandika kwa JavaScript, kwa ile laptop uliyoniachia. Nilijaribu na simu ya Baba peke yake, ikafika sawa.

Afisa wa kilimo anasema ikifanya kazi nitaenda Masinga kuwaonyesha vikundi vingine. Baba ameshatangaza kanisani, unamjua. Lakini mwenye digrii ni wewe. Sitaituma kabla hujaipitia. Iko kwenye ule ukurasa wetu wa mtandaoni.

Mdogo wako,
Nthenya

---

Syokimau, 6 Machi 2025

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi niko, kazi tu inanisukuma. Mpe mwaitu pole, akande goti na maji ya moto.

Nimeipitia. Iko sawa. Tuma tu.

Baba alinipigia jana. Tuliongea dakika ishirini na zote zilikuwa zako: Nthenya amefanya hivi, Nthenya atapigwa picha. Hata hakuuliza kama nimekula. Mimi nilipofuzu chuo picha ilikuwa moja, na ndani yake Baba amefunga macho. Natania. Lakini usizoee sana makofi. Programu ya watu kumi na wawili si kitu kikubwa, huku wanafunzi wa mwaka wa kwanza huandika kama hiyo.

Dada yako,
Ngina

---

Kithyoko, 9 Machi 2025

Dada,

Natumaini wewe ni mzima. Sisi hatuko sawa.

Jana pampu ilikaa bure kutwa nzima. Kitheka anayeiendesha alifika saa kumi na mbili asubuhi, akangoja, hakuona mtu. Alinipigia, kumbe simu yangu iko dukani inachajiwa. Akadhani watu wameenda mazishi. Halafu saa kumi na moja jioni wote kumi na wawili wakatokea pamoja na mabomba yao, kila mmoja anainua simu: "Zamu yako ni saa kumi na moja jioni." Hiyo ni saa ya Mzee Musili, wa mwisho kwa orodha. Kila mtu alipata saa ya Musili!

Mwikali alishika bomba, Muema akalivuta. Mwikali akamwambia, "Wewe si uko na nyanya tu, mimi niko na watoto!" Wakasukumana. Muema aliangukia chuma cha pampu, mkono wa kulia ukavunjika. Sasa nyanya zake zinakauka na hawezi hata kushika jembe. Baba alisimama mbele ya watu akaomba msamaha kwa ajili yangu. Sijawahi kumuona akiinamisha kichwa hivyo.

Nimesoma msimbo mpaka macho yanauma. Kila mtu nimempa saa yake, naiona kwa macho yangu. Ilipotelea wapi? Nisaidie, dada.

Mdogo wako,
Nthenya

---

Syokimau, 10 Machi 2025

Mdogo wangu,

Pole sana, na pole kwa Muema. Usilie. Hilo ni kosa ambalo wengi hulifanya.

Angalia mstari wa kumi na nane. Ndani ya mzunguko unaopitia orodha umeitangaza saa kwa neno var, halafu humo humo umeunda funksheni kumi na mbili za kutuma ujumbe baadaye, moja kila dakika. Wewe ulidhani kila funksheni imeandika saa yake pembeni na kuondoka nayo. Haifanyi hivyo. Funksheni ya aina hiyo, ndiyo wanayoiita closure, haibebi thamani. Inakishika kigeu chenyewe, kile kisanduku chenye jina "saa". Na kwa var kisanduku ni kimoja kwa mzunguko wote. Zote kumi na mbili zimeshika kisanduku kimoja. Zinapoamka kufanya kazi, mzunguko umeshaisha zamani, na ndani mmebaki kitu cha mwisho kuwekwa: saa ya Musili. Namba za simu zilifika kwa wenyewe kwa sababu hizo ulizipitisha kama thamani, mkono kwa mkono. Na kwa simu ya Baba peke yake usingeliona kosa, maana wa kwanza ndiye wa mwisho.

Badilisha var iwe let. Hapo kila duru ya mzunguko inapata kisanduku chake kipya. Ni neno moja tu.

Nafikiri Masinga ungeniachia mimi. Watu wameshakutilia shaka. Nitaomba ruhusa kazini, nije niwaeleze kitaalamu. Hata Baba atapumua.

Dada yako,
Ngina

---

Kithyoko, 12 Machi 2025

Ngina,

Nimebadilisha hilo neno moja. Nimejaribu na simu sita. Inafanya kazi.

Nilipokuwa pale nilifungua historia ya ukurasa nione nilikosea lini. Unajua huwa inahifadhi kila kitu, hata kilichofutwa. Tarehe sita, saa nane na dakika nne mchana, uliandika kando ya mstari wa kumi na nane: "Hapa wote watapata saa ya mwisho. Weka let." Saa nane na robo ukayafuta maneno hayo. Kisha ukaniandikia iko sawa.

Dakika kumi na moja, Ngina. Ulikuwa unafikiria nini?

Nthenya

---

Syokimau, 30 Machi 2025

Nthenya,

Sijui nianze na salamu gani. Simu zangu hushiki, na mwaitu anasema uko shambani hata wakati hauko.

Nitakujibu. Nilipoandika yale maneno nilikuwa nafurahi kuwa bado najua kitu. Halafu Baba akapiga tena, akaniambia, "Ungemuona mdogo wako, hata chuo hakuenda." Nikarudi nikafuta. Nilitaka mambo yaharibike kidogo tu, watu wacheke, unipigie, nije nitengeneze mbele ya Baba. Muema sikumfikiria.

Na kuna jambo nyumbani hawalijui. Mimi siandiki programu. Kwa miaka miwili kazi yangu ni kupokea simu za wateja wanaolalamika. Digrii iko ukutani. Wewe umekaa Kithyoko na laptop niliyoitupa, na umetengeneza kitu ambacho watu wanakihitaji. Wivu uliniuma, Nthenya. Hata sasa ninapoandika unaniuma. Ningekudanganya nikisema umeisha.

Nisamehe ukiweza. Usimwambie Baba, nakuomba.

Dada yako,
Ngina

---

Kithyoko, 7 Aprili 2025

Dada Ngina,

Goti la mwaitu limepoa. Mimi niko mzima, ingawa nilikaa siku nyingi sitaki kuona jina lako.

Jumamosi nne zimepita, kila mtu anakuja kwa saa yake. Masinga nilienda Alhamisi, mwenyewe. Niliwaeleza kosa langu mwanzo mpaka mwisho, hadi mama mmoja akasema hata yeye sasa angeandika let. Waliponiuliza kama hakuna mtu aliyenikagulia, nilisema mkaguzi hakuliona. Huo ndio uongo wa mwisho ninaokusemea.

Baba sijamwambia, na sitamwambia. Si kwa sababu nimesamehe. Ni kwa sababu maneno hayo ni yako wewe kuyasema.

Muema bado yuko na plasta. Nyanya hazikupona, aling'oa mistari yote, na mimi na Mwikali tulimsaidia kupanda upya. Anamwagilia kwa mkono mmoja, zamu yake juma hili ni saa mbili asubuhi. Jumamosi hii uje. Ushike bomba lake hiyo saa moja yote, na ukimaliza umwambie kwa nini umekuja. Nitakuwa pale kando, lakini sitakusaidia kuongea.

Ujumbe utakufikia Ijumaa jioni kama watu wote. Nimeshaiweka namba yako kwa orodha.

Mdogo wako,
Nthenya