Baba wa Matanga

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Sare tatu leo. Shule imefunguliwa asubuhi na bado kuna wazazi wanaoleta kitambaa, wanataka kesho. Nimewaambia mashine yangu haiendeshwi na mashetani. Mguu unauma kwa kukanyaga pedali.

Mchana walipita watu wawili na kopo la rangi nyekundu. Wakachora msalaba kwenye ukuta wangu, karibu na mlango. Halafu kwa Papa Kambale. Halafu kwa Mama Berocan. Nyumba zote tatu za lupango wetu, kiwanja kimoja. Hawakusalimia. Mama Berocan, ambaye macho yamemzeekea, alidhani wametumwa na padri. Akafanya ishara ya msalaba. Nilicheka sana. Sasa sicheki.

Jumanne, 4 Septemba

Nimepata maana. Upande huu wa mtaa wetu wa Saio unapyaishwa. Barabara pana, nyumba za matofali zikitazama barabara. Za udongo kama zetu zinavunjwa. Patron Musafiri, mwenye lupango, ametuambia tuhame upesi. Alisema kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chakula. Wapangaji watakaoingia kwenye matofali si sisi, hilo hakulisema.

Ukuta huu niliukandika mwenyewe, kila mwaka, kwa mikono hii. Unen, binti yangu, alizaliwa humu na akaolewa akitokea humu. Sitoki.

Alhamisi, 6 Septemba

Tumekwenda mahakamani, tribinali, mimi na Papa Kambale. Yeye anauza maharage kutoka Butembo na hupenda amani kuliko chumvi. Alivaa abakosti, koti lake la sikukuu, amefunga vifungo vyote, jasho linamtoka. Karani alitusikiliza. Kumbe mpangaji hafukuzwi hivi hivi. Anapewa miezi ya kutafuta pengine, na mkubwa wa sheria, juge, anasikiliza pande zote. Tumepewa Jumanne, tarehe 18.

Karani alitusindikiza mpaka mlangoni, akashusha sauti. "Mukae mu nyumba mpaka siku ile. Nyumba ikiwa chini, juge atahukumu nini?"

Basi ni hilo tu. Nyumba isimame mpaka Jumanne ile.

Jumamosi, 8 Septemba

Salongo, kazi ya umma ya lazima. Chef wa kartye, mkubwa wa mtaa, alipiga filimbi na sote tukatoka na majembe. Asiyetoka analala kasho, kifungoni, hilo linajulikana. Safari hii ni mtaro wa barabara mpya. Tulichimba tukifuata vijiti walivyopanda. Tuliimba pia, na mimi ndiye niliyeanzisha, kwa kuwa nina sauti. Nilipoinua kichwa nikaona vijiti vinaelekea wapi. Vinapita katikati ya jiko langu.

Patron alisimama pembeni, mikono nyuma. Akatusifu kwa kazi nzuri.

Jumapili, 9 Septemba

Misa. Mama Berocan hakuweza kwenda, kifua kinambana. Nimempikia uji. Hakuumaliza.

Jumanne, 11 Septemba

Mama Berocan amefariki alfajiri, kichwa chake mapajani mwangu.

Alikuwa wa Mahagi kama mimi, nami nilimwita mama. Watoto wake wote walimtangulia. Amebaki na kaka mmoja kule, muzee Ukethi. Tumemtumia habari na dereva wa lori la samaki. Nimelia mpaka sauti imekauka.

Na nitaandika na hili, ingawa ni aibu. Nilipomaliza kulia niliwaza: nyumba yenye matanga haivunjwi. Hapa hakuna anayethubutu. Na matanga hayaishi kabla kaka hajafika na kulia. Mama Berocan ametukinga. Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Septemba

Tumemzika. Saio nzima imehamia kwetu, watu wanalala juu ya mikeka mpaka barabarani.

Mchana vijana wa Patron walikuja na nyundo na mitarimbo. Walipoona moto na akina mama chini, wakavua kofia, wakasimama kidogo, wakarudi walikotoka. Masika, mke wa Kambale, alificha kicheko kwa kitenge. Wageni walidhani analia.

Jioni alikuja Patron mwenyewe. Mfuko mzima wa mchele, sukari, kahawa, turubai kubwa la kutukinga mvua. Akakaa chini na wanaume, akalia. Machozi ya kweli. Nilimtazama kwa makusudi.

Alhamisi, 13 Septemba

Yuko hapa tangu asubuhi. Amekaa karibu na moto. Anajua majina ya watoto wote. Hazungumzi habari ya nyumba hata kidogo. Afadhali angezungumza.

Baada ya chakula, Kambale alisimama mbele ya watu. Akasema kaka wa marehemu bado yuko njiani, na matanga hayakai bila kichwa. "Anayetulisha ndiye muzazi wetu. Patron, weye ndiye baba wa matanga." Watu wote wakaitika. Wengine wakapiga makofi.

Baba wa matanga ndiye anayetamka siku ya kuvunja matanga. Si mwingine.

Nilimvuta Kambale nyuma ya nyumba, nikamwambia. Akanikasirikia. "Mama Unen, weye iko na roho ngumu. Mutu anatulisha, siye tumurudishie matusi? Shukrani ya punda ni mateke." Nikamwambia aende kwa Patron amwambie amekosea. Hakuenda. Mtu hapokonywi heshima mbele ya mchele wake.

Nami nilikuwa na sahani mkononi. Mchele ule ulikuwa mtamu.

Ijumaa, 14 Septemba

Kila lori linalotoka barabara ya Mahagi nalikimbilia. Muzee Ukethi hayumo.

Patron amenisalimia mara nyingi leo. Ananiita mama.

Naogopa.

Jumamosi, 15 Septemba

Yamekwisha.

Kulipopambazuka Patron alisimama. Akachukua ndoo, akamwaga maji kwenye moto wa matanga kama desturi inavyotaka. "Wandugu, mama amelala muzuri. Matanga imeisha. Mungu awabariki kwa kulia na siye." Nikapiga kelele kwamba kaka hajalia. Wazee wakaniambia ninyamaze, baba wa matanga amekwisha kutamka.

Moshi haujaisha, filimbi ya salongo ikalia. Chef wa kartye alikuwa amesimama pale pale getini. Akanyoosha kidole kwenye lupango wetu.

Hawakuwa watu wa kutoka mbali. Ni wale wale waliolala kwetu, waliolia nasi, wenye wali wa Patron bado tumboni. Asiyetoka analala kasho. Walitutolea vitu taratibu, kwa heshima, kama wanabeba mgonjwa. Mashine yangu wakaiweka chini ya turubai la Patron. Kisha wakaanza. Walianza na ukuta wa Mama Berocan. Mama mmoja alikuwa analia huku anapiga jembe. Wangu ulichelewa kuanguka, nilikuwa nimeukandika vizuri.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema hivyo kila siku. Nguo ya baba wa matanga tulimvalisha sisi wenyewe.

Kambale ameketi juu ya magunia yake ya maharage. Nilitaka kumtukana. Sikuona mahali pa kuanzia.

Jumatatu, 17 Septemba

Muzee Ukethi amefika. Lori lilikwama matopeni njiani. Ameshuka na kikapu cha samaki wakavu kwa ajili ya waombolezaji, na fimbo. Alipita mbele yetu mara mbili akitafuta nyumba. Ilibidi nimshike mkono.

Akatazama udongo. Akauliza mara moja tu: "Nani amevunja matanga na miye sijalia?"

Sote tulikula.

Akaketi pale palipokuwa na mlango, akamlilia dada yake kwa Kialur, lugha yetu, peke yake. Tukaketi naye. Hatukuwa na moto wa kumwashia. Kuni zimelowa.

Jumanne, 18 Septemba

Tribinali. Juge aliuliza nyumba iko wapi. Patron akasimama, akasema kwa ule upole wake kwamba wapangaji walitoka baada ya matanga, kwa amani, na kartye nzima ilishuhudia. Ni kweli, ilishuhudia. Nilisema yangu yote mpaka nikaambiwa nikae chini. Karani wetu alitazama meza.

Hakuna cha kuhukumu. Tumerudi kwa miguu. Abakosti ya Kambale ilikuwa na udongo mgongoni na sikumpangusa.

Jumapili, 21 Oktoba

Nimehamia Ngezi, mtaa mwingine. Chumba kimoja, na mwanga wa kushonea unatosha. Nyuma kuna mahali pa kupanda mboga. Kambale amehamia Shari. Hunisalimia kwa mbali.

Wiki hii walipita watu na kamba ndefu, wanapima barabara mbele ya nyumba zetu. Hawakusalimia.

Leo asubuhi mume wa jirani amefariki. Nilitandika mkeka, nikakaa na mjane. Kabla ya saa sita mwenye nyumba ameleta mfuko wa mchele, sukari na turubai. Akina mama wakafurahi. "Iko mutu mwema," wakasema. Akaketi karibu na moto. Wazee wakaanza kutazamana, nani aseme.

Nikasimama kabla yao. Mimi ni mgeni pale, hata miezi miwili sijafikisha. Nikasema: "Matanga hii iko na mama wake. Ni miye."

Walinitazama kama mwenye wazimu. Mjane akainua kichwa, akaitika.

Nilimshukuru mwenye nyumba kwa mchele wake, kwa adabu. Wengine wakala. Mimi nimejipikia muhogo. Sasa nimekaa karibu na moto na ndoo ya maji iko nyuma yangu.