Mashine ya Theluji Iliyokuua, Papa

Papa,

Jana nilimwona bosi wetu Riaan akilia, na sikumhurumia. Ndiyo maana nakuandikia.

Watu wa kanisani bado wanashangaa: mashine ya kurusha theluji, hapa Midrand? Nawaeleza kama ulivyonieleza siku yangu ya kwanza karakanani, kwamba wenye mashine hizi wako milimani Lesotho, kwenye hoteli za kuteleza, sisi tunazitengeneza tu. Ulinionyesha meno ya chuma yanayozunguka mbele na kusaga theluji, na feni nyuma yake inayoirusha kupitia bomba, mbali kuliko nyumba tatu. Kisha ukauweka mkono wangu kwenye wenzo wa mpini, ule unaobanwa muda wote wa kazi. "Roho ya mtu iko hapa," ulisema. "Ukiachia, meno yanasimama. Mashine yenye nguvu bila hii ni ya wajinga."

Riaan aliufunga wenzo huo kwa waya ulipokwenda kula, maana springi yake mpya ilichelewa na mteja alikuwa haachi kupiga simu. Akaufunika waya kwa raba ya mpini. Hayo niliyajua baadaye, nilipomwona akiuficha waya uliobaki. Uliporudi, ukaijaribu mashine kwa barafu ya kusagwa. Bomba likaziba, meno yakakwama. Ukaachia wenzo, ukainama kulizibua. Uliiamini. Barafu ilipolegea, meno yakakuvuta kwa mkono wa koti. Papa, mimi ndiye niliyezima injini. Nilichelewa.

Mkaguzi wa kazi alipokuja, Riaan alimwambia, "Eish, mzee mwenyewe alifunga waya. Nilishamkataza." Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza, maana lingekuwa neno langu dhidi ya lake tu.

Mama alidhani nimenunuliwa. Nilibaki miezi saba, namsalimia Riaan kila asubuhi, namchemshia chai. Nilijua atarudia. Springi zilipochelewa tena, akafunga mashine mbili. Nikazificha nyuma asizitumie mtu, nikampigia mkaguzi. Jana mkaguzi alipofika, nikazivua raba wote wakitazama.

"Na hizi pia alifunga baba yangu?"

Riaan alikaa chini sakafuni, machozi yakamtoka.

Karakana imefungwa. Wenzetu wanne hawana kazi, mmoja wao hanisalimii. Hilo linaniuma. La Riaan, hapana.

Pumzika sasa, Papa. Nakuahidi jambo moja: siku ya kesi ya Riaan nitakaa kiti cha mbele kabisa, na kila atakapoinua macho, atanikuta namtazama.

Binti yako,
Furaha